Jicho Lililohama Jena

Aliyewahi kushika miswada ya kale ya tenzi anaijua kadhia ya nakala. Mnakili huzipokea beti za mwenzake, akaziandika kwa hati yake na wino wake, na vikishapita vizazi viwili vitatu nakala ndiyo inayosomwa, ilhali jina la mtunzi limeliwa na mchwa. Lenzi ya Helios-44-2, iliyouzwa pamoja na kamera za Zenit za Urusi ya Kisovieti, ni nakala ya namna hiyo. Leo inatafutwa na vijana wasiozaliwa bado zama zile, nao huisifu kwa tabia wanayoiita ya Kirusi. Sifa hiyo imemkosa mwenyewe.

Asili yake ni Jena, mji wa Ujerumani ambako Carl Zeiss alifungua karakana yake mwaka 1846. Humo ndimo Paul Rudolph alimobuni lenzi ya Planar mwaka 1896: vioo sita vilivyogawanywa pande mbili za tundu la mwanga, upande huu ukiukabili ule mithili ya ukwapi na utao. Msingi wake ulikuwa hesabu ya darubini aliyoitoa Gauss mwaka 1817. Katika mpango huo kosa la upande mmoja hurekebishwa na kosa la upande wa pili, na ndiyo siri ya uzuri wake. Hata hivyo, nyuso 8 za vioo ziligusana na hewa, na kila uso ulirudisha nyuma sehemu ya mwanga, picha ikapauka. Dawa ilichelewa hadi 1935, Alexander Smakula wa kampuni hiyo hiyo alipopata njia ya kuvipaka vioo utando mwembamba mno unaozuia mwanga usirudi.

Kati ya tarehe hizo mbili aliingia Willy Merté. Mwaka 1927 aliutoa mpango ule katika ulinganifu wake mkavu, akazaa lenzi aliyoiita Biotar. Katika miaka ya 1930 Biotar ya milimita 58, yenye uwazi wa f/2, ikafungwa katika kamera ya Exakta ya Dresden. Mtu atauliza, mbona 58 na si 50 kama ilivyo desturi ya lenzi ya kawaida? Sababu ni kioo cha kujitazamia kilichomo ndani ya kamera hiyo, ambacho hupanda kila picha ipigwapo. Kilihitaji nafasi nyuma ya lenzi, na milimita zile chache za ziada ziliitoa nafasi hiyo kwa wepesi.

Kisha vita. Majeshi ya Marekani yaliingia Jena Aprili 1945, na kabla ya kuuacha mji mikononi mwa Wasovieti yaliwahamisha magharibi wataalamu na wakuu wa Zeiss zaidi ya 80. Merté mwenyewe alipelekwa Marekani, akafariki mwaka 1948. Wasovieti nao, kuanzia Oktoba 1946, waliing'oa mitambo iliyobaki iwe fidia ya vita, wakawachukua na mafundi. Ndipo Biotar ilipohamia Krasnogorsk, karibu na Moscow. Mwanzoni ilibeba herufi tatu, BTK, yaani Biotar ya Krasnogorsk. Walau ilikuwa ikikiri ukoo. Baadaye hesabu zilipigwa upya ili zilingane na vioo vilivyoyeyushwa huko, na jina likawa Helios, jua la Wayunani. Mwaka 1958 ilikuwa tayari katika kamera iliyoitwa Start. Zenit-E, iliyotoka mwaka 1965, ndiyo iliyoieneza duniani, kwani ziliundwa kamera hizo zaidi ya milioni 3.

Je, ni wizi? Mshindi aliuita fidia, na aliyeporwa ana jina lake. Lakini kupiga hesabu upya kwa vioo vingine si kazi ya mwizi mvivu. Anayetafsiri shairi analijua hilo: vina vya lugha ya kwanza havikubali kuhamia ya pili, na sharti mizani itafutwe tena.

Linalopendwa zaidi katika Helios ni kasoro. Ikifunguliwa hadi f/2 na kulengwa mtu aliyesimama mbele ya mti wenye majani yapenyayo jua, nuru za nyuma yake huzunguka kama maji ya kizingia. Katikati ni duara. Pembeni, kingo za pete za lenzi huzikata ziwe na umbo la lozi, na kila lozi hulalia mzunguko wa picha. Ikifungwa hadi f/5.6 kizunguzungu kinatoweka, na lenzi inakuwa makini, pengine makini kuliko bei yake. Biotar ya Merté ina mzunguko uo huo. Anayeusifu kuwa wa Kirusi anasifu hati ya mnakili.

Kuipima iliyo mkononi hakuhitaji maabara. Ina pete mbili za mwanga: moja huweka kikomo, ya pili hufungua na kufunga bila kubofya, ili jicho lilenge katika mwanga mwingi kisha kidole kikazibe kabla ya kupiga. Pete ya kulengea iwe nzito kiasi, isikwame. Ikikwaruza, grisi yake imekauka. Vibati 8 vya tundu vikiwa na mafuta si balaa katika lenzi hii, maana huendeshwa kwa mkono, havitegemei kasi ya springi. Balaa ni kuvu. Pwani yetu yenye unyevu ndiyo maskani yake, na lenzi iliyolala miaka katika mkoba wa ngozi, ndani ya kabati, karibu haiponi. Imulikwe kwa tochi kutoka nyuma, huku tundu limefunguliwa lote: nyuzi nyeupe zilizotambaa kama utando wa buibui zikionekana katikati ya vioo, utando ule wa Smakula huenda umekwisha kuliwa, na kusafisha hakutaurudisha.