Kutoka Ngozi hadi Karatasi: Nakshi za Mwinuko na Nchi ya Hanang

Karatasi ilichelewa kufika Mogitu, wilayani Hanang. Nakshi ya mwinuko haikuingoja. Katika nchi hii ya Mbulu na Hanang, wanawake waliifanyia kazi ngozi. Wasichana wa Kiiraqw walipowekwa ndani kwa unyago uitwao marmo, walishona shanga kwenye sketi za ngozi, safu juu ya safu, mpaka pambo likawa na unene wake na kidole kikaweza kulifuata gizani. Marmo ilikoma wakati wa utawala wa Kiingereza, na pamoja nayo shule nzima ya mikono ikafungwa. Kwangu hiyo ni hasara kubwa, kwa sababu sketi iliyohifadhiwa kwenye kabati la makumbusho haimfundishi mtu kushona. Wabarabaig, majirani wafugaji, wao hawakuiacha sketi ya ngozi.

Nakshi ya karatasi ilikulia kwingine. Mwaka 1972 Sista Jean Pruitt, Mmarekani wa shirika la Maryknoll, alianzisha Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam. Humo George Lilanga, Mmakonde, alichapa picha kwa mabamba ya metali yaliyochimbwa kwa asidi. Karatasi huloweshwa kwanza, kisha hubanwa kwa nguvu juu ya bamba. Nyuzi zake huingia ndani ya mifereji, na zikikauka kila mstari hubaki umeinuka kidogo.

Iringa walianzia kwenye karatasi yenyewe. Neema Crafts, kazi ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ilianza mwaka 2003 na vijana watatu viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Tembo hameng'enyi hata nusu ya anachokula, kwa hiyo nyuzi za majani hutoka karibu nzima. Husafishwa, huchemshwa, hupondwa na kuchanganywa na maji mengi. Kisha fremu yenye wavu huzamishwa na kuinuliwa polepole. Rojo lililobaki juu ya wavu bado ni laini, na hapo ndipo penye nafasi ya msanii: jani likigandamizwa huacha mishipa yake, na rojo likiongezwa mahali pamoja huinuka kama kilima.

Hanang nayo haikosi malighafi ya karatasi kama hiyo, wala vya kutazama na kuiga kwenye nakshi. Mlima Hanang una zaidi ya mita 3,400 na msitu ubavuni. Ziwa Balang'ida hupokea ndege. Mabua ya mahindi hubaki shambani kila mavuno. Huko Basotu kuna mirija ya ngano, zao lililopanuliwa kuanzia miaka ya 1970 kwa msaada wa Kanada, kwenye ardhi ambayo Wabarabaig waliipigania mpaka mahakamani. Mirija hiyo hutoa nyuzi fupi na karatasi ngumu kidogo. Ikichanganywa na nyuzi ndefu za mkonge hushika umbo vizuri zaidi.