Mbegu za mapera na kidole tumbo

Tuliokulia Kariakoo tunalijua onyo hili: usimeze mbegu za mapera, utapasuliwa kidole tumbo! Nimekula mapera ya Mtaa wa Kongo kwa woga mpaka nimemaliza shule.

Juzijuzi mpangaji mwenzetu, kijana muuza vitambaa, alianza kuumwa tumbo siku ya Alhamisi. Maumivu kitovuni, chakula hakipiti, anatapika. Basi nyumba nzima tukawa madaktari. Huyu anasema vidonda vya tumbo, yule anasema chango. Mimi nikamnunulia vidonge vya kiungulia. Nilipotaja kidole tumbo, mzee mmoja akacheka: "Huo ugonjwa wa Wazungu, mwanangu." Jumamosi maumivu yakawa yamehamia chini, upande wa kulia. Alipofika kwenye upasuaji, kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka. Amepona, lakini ilikuwa nusura tumzike.

Hilo neno la mzee lilinikera, nikaanza kusoma. Kumbe lina historia, na sehemu yake iko hapa hapa Afrika Mashariki.

Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alifika Uganda mwaka 1946. Alianzia Lira, baadaye akawa Mulago, Kampala. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili waliendesha gari kilomita zipatazo 16,000, kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, wakichunguza saratani ya taya ya watoto ambayo leo inabeba jina lake. Baadaye akawa anaziandikia hospitali za vijijini Afrika kuuliza magonjwa wanayoyaona. Kidole tumbo, kilichojaa katika hospitali za Uingereza, huku kilikuwa adimu.

Mwaka 1971 alichapisha maelezo yake: chakula. Ulaya walikula unga uliokobolewa, choo kikawa kigumu na kuziba kidole tumbo. Mwafrika wa kijijini alikula nafaka isiyokobolewa, maharage na mboga. Kwa hoja hiyo, pera na mbegu zake lingekuwa kinga! Mama zetu walikuwa wamegeuza mambo.

Si wote waliokubali. Mwaka 1985 David Barker wa Uingereza alisema tuangalie pia usafi na maji ya bomba, siyo chakula peke yake. Mpaka leo hakuna sababu moja inayoeleza kila mgonjwa.

Lakini angalieni jambo moja. Burkitt alisema "adimu", hakusema "hakuna". Tena alizungumzia vijiji vya zamani zile, siyo Kariakoo yetu ya chipsi mayai na soda. Sisi tuliichukua takwimu ya vijijini tukaifanya hirizi ya mjini. Na hirizi hiyo ilimchelewesha jirani yangu siku mbili.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tumbo likianzia kitovuni kisha likahamia chini kulia, msikae kikao. Hospitali, siku hiyo hiyo.

Mapera endeleeni kula.