"Bank": Neno Moja, Njia Mbili

Katika zoezi moja la tafsiri, mwanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza aliandika kwamba wavuvi walikaa "kwenye benki ya mto". Darasa lilicheka, nasi tukatia alama nyekundu. Baadaye tulijiuliza: je, tulikuwa tumemfundisha kwamba neno "bank" la Kiingereza lina zaidi ya maana moja? Hatukuwa tumefanya hivyo. Hapa Uganda wanafunzi wengi huja darasani wakiwa na Kiingereza kabla ya Kiswahili, kwa hiyo jambo hili linatuhusu sana.

Neno hili liliingia katika Kiingereza kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya lugha za Skandinavia. Kwa njia hiyo "bank" lilipata maana ya ukingo wa mto au tuta la ardhi, na maana hiyo imo katika maandishi ya Kiingereza tangu mnamo mwaka 1200.

Njia ya pili ilianzia Italia. Katika miji ya biashara kama Genoa na Florence, wabadilishaji fedha walifanya kazi kwenye meza au benchi lililoitwa banco au banca. Jina la samani likawa jina la kazi, kisha la taasisi. Banco di San Giorgio ilianzishwa Genoa mwaka 1407. Kiingereza kililipokea neno hilo mwishoni mwa karne ya 15, na Benki Kuu ya Uingereza ikaanzishwa mwaka 1694. Hata "bankrupt", yaani muflisi, latokana na banca rotta, benchi lililovunjika.

Kiitaliano nacho kililikopa neno hilo kutoka lugha za kale za jamii ya Kijerumani, na shina hilohilo ndilo lililozaa "bench" la Kiingereza. Kwa hiyo benki na benchi katika Kiswahili ni ndugu wa ukoo mmoja. Wataalamu huona kwamba hata "bank" la mto ni jamaa yao wa mbali. Kiswahili kiliyapa maneno yote mawili irabu i mwishoni, lakini kikayaweka katika ngeli tofauti: tunasema benki hii, benchi hili.

Maana ziliendelea kuzaana. Mwaka 1937 daktari Bernard Fantus alianzisha huko Chicago hifadhi ya damu, akaiita benki. Hapo fedha hazikuwamo tena. Kilichobaki ni wazo la kuweka akiba. Kiswahili kilifuata, tukapata benki ya damu.

Lakini kwa mto Kiswahili hakikuhitaji kukopa. Tunalo neno ukingo, linalotokana na kitenzi kukinga, kwani ukingo ndio unaoyazuia maji. Ndiyo maana watangazaji husema Ukingo wa Magharibi wanapoitaja sehemu iliyo magharibi ya Mto Jordan. Anayetafsiri kwa neno moja tu la kamusi angeweza kuigeuza nchi ya watu kuwa taasisi ya fedha.

Mwanafunzi yule tulimrudishia daftari. Alama hatukuibadili, ila chini yake tuliandika historia hii fupi. Tunawaomba walimu wenzetu wafanye vivyo hivyo: kabla ya kusahihisha neno, tumwonyeshe mwanafunzi lilikotoka.