Southall: Sungura, kwale na bunduki zilizofichwa vichakani

Msafiri anayeshuka kwenye treni katika kituo cha Southall, kiasi cha kilomita 17 magharibi ya katikati ya jiji la London, hupokewa na kibao chenye jina la mji huo kwa maandishi ya aina mbili, ya Kiingereza na ya Kipunjabi. Akiifuata njia mpaka barabara ya Broadway atakuta maduka ya vitambaa, ya dhahabu na ya viungo, na asishangae akiwasikia wazee wawili wakijuliana hali kwa Kiswahili cha Nairobi, Kisumu au Kampala. Katika msongamano huo wa magari na watu ni vigumu kuamini kwamba miaka mia mbili iliyopita mahali hapo palizungukwa na mashamba, na kwamba katika Uingereza ya wakati huo mtu aliyetoka usiku kumfuata sungura angeweza kurudi nyumbani akiwa amebebwa, mguu wake umevunjika.

Southall ya mwanzoni mwa karne ya 19 ilikuwa kijiji katika kaunti ya kale ya Middlesex. Kilikuwa na soko la mifugo lililopata hati yake kwa Mfalme William wa Tatu mwaka 1698, na mfereji wa Grand Junction ulikuwa umekwisha kupita kando yake. Kusini yake lilikuwako jumba la Osterley Park, ambalo wenyewe, familia ya Child ya mabenki, walifuga humo ndege adimu waliokusanywa kutoka pande mbalimbali za dunia. Mchoraji William Hayes, aliyekuwa akiishi Southall, aliwachora ndege hao na kuanza kuchapisha picha zao mwaka 1794. Ndege wa Osterley walikuwa na majina, vizimba na mchoraji wao.

Ndege na wanyama wa porini nje ya vizimba hivyo nao walikuwa na wenyewe, kwa namna nyingine. Sheria ya mwaka 1671 ilisema kwamba mtu hawezi kuwinda sungura, kwale wala fesanti, yule ndege wa jamii ya kuku mwenye mkia mrefu, ila awe na ardhi yake mwenyewe yenye kuingiza pauni 100 kwa mwaka, au ardhi ya kukodi kwa muda mrefu yenye kuingiza pauni 150. Kipimo hicho cha pauni 100 kilikuwa mara hamsini ya kile kilichotakiwa kwa mtu kupiga kura ya kumchagua mbunge wa kaunti. Kwa hiyo mkulima mpangaji alimtazama sungura akila mazao yake, asiwe na ruhusa ya kumgusa. Sungura wa hadithi za Waswahili, anayewashinda simba na fisi kwa ujanja, asingeweza kujitungia sheria nzuri kuliko hiyo.

Tangu mwaka 1755 kuuza nyama ya wanyama hao pia kulikatazwa. Lakini matajiri wa London waliitaka mezani, na palipo na mnunuzi hapakosi muuzaji. Mabehewa ya farasi yaliyobeba abiria na barua katika barabara kuu za nchi yalijulikana kwa kuficha kwale na sungura chini ya mizigo. Mojawapo ya barabara hizo, ile iliyotoka London kwenda Uxbridge na kuendelea hadi Oxford, ndiyo hii hii ambayo sehemu yake huitwa Broadway ndani ya Southall.

Bunduki zisizo na mpigaji

Wenye mashamba walijibu ujangili huo kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa sheria kali: chini ya sheria ya mwaka 1828, mtu aliyekamatwa mara ya tatu akiwinda usiku bila haki angeweza kusafirishwa ng'ambo kwa miaka saba. Ya pili ilikuwa chuma. Palikuwapo mitego ya watu, yenye meno mawili yanayofumba juu ya mguu, kama ule wa kunasia chui. Na palikuwapo bunduki-mtego. Hii ilikuwa bunduki fupi iliyosimamishwa juu ya mhimili unaozunguka, ikafichwa kichakani, na nyaya nyembamba zikatandazwa kutoka kwayo kupitia njia za msituni. Aliyejikwaa kwenye waya aliivuta bunduki imwelekee yeye mwenyewe, kisha ikalia.

Ubaya wa chombo hicho ni kwamba hakikuuliza mtu amekuja kufanya nini. Jangili mzoefu alijua kutembea na fimbo mbele yake ili aguse waya kabla ya mguu. Mtoto aliyetafuta matunda ya porini hakujua, wala mwanamke aliyeokota kuni, na walinzi wa mashamba wenyewe wakati mwingine walisahau walikotandaza nyaya. Mwaka 1820 mahakama mjini London iliamua kesi ya Ilott na Wilkes. Ilott alikuwa ameingia msituni kuchuma njugu, akapigwa na bunduki ya namna hiyo. Majaji walimnyima fidia kwa sababu alikwisha kujua kwamba humo mna bunduki. Kwa maneno mengine, onyo lilitosha kuhalalisha jeraha.

Uamuzi huo uliwashtua hata baadhi ya watu wa tabaka la wenye ardhi. Lord Suffield, mwenyewe mmiliki wa mashamba makubwa ya Norfolk, alipeleka mswada bungeni wa kuzipiga marufuku bunduki hizo. Wapinzani walidai kwamba bila ya hizo hakuna kwale atakayebaki. Sheria ilipita mwaka 1827. Ilikataza kutega bunduki-mtego na mitego ya watu kwa nia ya kuua au kujeruhi, isipokuwa ndani ya nyumba ya kuishi, tangu jua kuchwa hadi kuchomoza.

Mwaka uliofuata likaja shauri jingine, la tukio lililotangulia sheria hiyo. Mwezi Machi 1825, karibu na Bristol, kijana aitwaye Bird alipanda ukuta wa bustani ya maua ya bwana Holbrook kumtafuta tausi jike wa jirani aliyekuwa amepotea. Akakanyaga waya, na marisau yakamwingia gotini. Holbrook hakuwa ameweka tangazo lolote, kwa kuwa alitaka kumnasa mwizi wa maua yake. Safari hii mahakama ilimpa haki aliyejeruhiwa, na hukumu hiyo ingali ikifundishwa katika vyuo vya sheria.

Mitego ya chuma ya kukamata wanyama kwa mguu, yenye meno, iliendelea kutumika Uingereza kwa zaidi ya karne nzima. Ilipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1954, na marufuku yenyewe yakaanza kazi mwaka 1958. Kati ya mtu na sungura, basi, paliachana miaka 131.

Hatari iliyokuwa mkononi

Sheria ya wanyama ya mwaka 1831 ilifuta sharti la kumiliki ardhi, na tangu hapo mtu yeyote aliyelipia leseni na kupata idhini ya mwenye shamba aliweza kuwinda kihalali. Wawindaji wakaongezeka, na pamoja nao ajali.

Gumegume ilikuwa ikishindiliwa baruti na marisau kwa mdomo, maana yake mwenyewe alisimama mbele ya mtutu kila alipoipakia. Mara nyingine baruti ilichelewa kushika moto, na aliyeigeuza bunduki kutazama kulikoni alipata jibu usoni. Bunduki za kukunjwa katikati na kupakiwa kwa nyuma, ambazo Waingereza walizitazama kwa shauku kwenye Maonyesho Makubwa ya London mwaka 1851 zikitoka Ufaransa, ziliondoa sehemu kubwa ya hatari hiyo. Zilileta pia mazoea ambayo mpaka leo hufundishwa kwanza: kabla ya kuruka uzio au mtaro, ifungue bunduki na uitoe risasi.

Kuna watu hudhani kwamba anayewinda nyati ndiye aliye hatarini, na anayewinda kwale anacheza tu. Kwa upande wa mnyama ni kweli. Kwa upande wa mwenzako si kweli hata kidogo. Marisau hutawanyika. Sungura hukimbia chini, kwenye kimo cha miguu ya watu na mbwa. Kwale huruka ghafla, na mwindaji humfuata kwa mtutu akigeuka pasipo kutazama nani yuko nyuma yake. Ndiyo maana wawindaji hutakiwa kutembea katika mstari mmoja, na kila mmoja kutopiga nje ya upande wake. Februari 11 mwaka 2006, huko Texas, Makamu wa Rais wa Marekani Dick Cheney aligeuka hivyo akimfuata ndege na kumpiga usoni, shingoni na kifuani mwenzake, wakili Harry Whittington aliyekuwa na umri wa miaka 78. Whittington alipona, lakini baadhi ya marisau yalibaki mwilini mwake.

Southall yenyewe iliacha kuwa uwanja wa uwindaji bila ya sheria kuingilia. Reli ya Great Western ilifungua kituo hapo mwaka 1839. Yakaja matanuri ya matofali, kisha viwanda, kisha nyumba za wafanyakazi.

Kutoka Tsavo hadi Broadway

Watu ambao wangekuja kuujaza mji huo walikuwa na historia yao ya porini. Kati ya mwaka 1896 na 1901 Waingereza walichukua vibarua wapatao 32,000 kutoka India, wengi wao Wapunjabi, kujenga reli ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria. Kiasi cha 2,500 walifariki dunia. Simba wawili wa Tsavo, waliouawa mwezi Desemba 1898, ndio wanaokumbukwa zaidi, na kinga ya vibarua dhidi yao ilikuwa boma la matawi ya miiba na moto uliokokwa usiku kucha. Lakini simba walichukua watu wachache tu wa hesabu hiyo. Malaria, vidonda vya miguu na kuhara viliua wengi kuliko wao.

Waliobaki baada ya mkataba walikuwa karibu 6,700, na nyuma yao wakafuata maseremala, wahunzi, waashi na makarani. Miongoni mwa Masingasinga, au Makalasinga kama walivyozoeleka kuitwa, uwindaji ukawa burudani ya Jumapili: bunduki ya marisau, chupa ya chai, na kanga au kwale wa kurudi nao jioni. Hatari za huko hazikuandikwa katika vitabu vya Middlesex. Palikuwa na kifutu anayelala njiani bila kusogea, na mashimo ya muhanga yaliyofunikwa na nyasi, ambayo huvunja mguu wa anayekimbilia ndege aliyeanguka.

Sheria, hata hivyo, zilikuwa na sura ya nyumbani kwao. Serikali ya kikoloni ilitoza leseni za kuwinda na kupiga marufuku vitanzi, mashimo na mishale ya sumu. Kwa mtazamo wa usalama si kosa, kwa kuwa shimo la kunasia paa haliulizi, kama isivyouliza bunduki-mtego. Lakini aliyetumia kitanzi ni Mwafrika ambaye kwa kawaida hakupewa kibali cha bunduki, na Mhindi mwenye kibali hakuruhusiwa kumiliki mashamba katika Nyanda za Juu zilizotengewa Wazungu. Mizani ya mwaka 1671 ilikuwa imevuka bahari. Kenya huru ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama mwaka 1977, na sheria yake ya mwaka 2013 inakataza kuwinda kwa burudani na hata kwa kitoweo. Tanzania inaruhusu kuwinda kwa leseni.

Wakati huo wengi wa wale wawindaji wa Jumapili walikwisha ondoka. Wapunjabi kutoka India walikuwa wameanza kukaa Southall katika miaka ya 1950. Waasia wa Kenya walimiminika Uingereza mwaka 1967 na mwanzoni mwa 1968, kabla ya sheria ya mwezi Machi mwaka huo kuubana mlango, na Waasia wa Uganda wakafuata mwaka 1972, baada ya Idi Amin kuwapa siku 90. Ni mwaka huo huo wa 1968 ambapo Uingereza ilianza kudai cheti cha polisi kwa kila mwenye bunduki ya marisau. Waswahili husema kanga hazai ugenini. Hawa walizaa, wakajenga nyumba za ibada na maduka, ila bunduki nyingi zilibaki kwa marafiki au zikakabidhiwa polisi wa nchi walizoziacha.

Kaskazini ya Southall, huko Northolt, ipo shule ya kulenga shabaha ya West London, iliyoanzishwa mwaka 1901. Hapo hakuna kwale wala sungura anayepigwa. Mtambo hurusha angani kisahani cha udongo, nacho hupasuka vipande vipande. Katika viwanja vya aina hiyo mgeni hufundishwa, kabla ya kupewa risasi hata moja, kuikunja bunduki katikati na kuibeba ikiwa wazi, ili kila aliye karibu naye aone kwa macho yake kwamba haina kitu ndani.