Bustani ya Shule na Likizo ya Desemba

Wanaojitolea kusaidia shule zetu kulima na kupika kwa nishati safi hupimwa kwa utaalamu: wameleta mbegu gani, wamejenga mtambo gani, wamewafundisha walimu wangapi. Naona kipimo hicho kina kasoro. Kinachoangusha miradi hii mara nyingi ni kalenda.

Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania mvua huanza Novemba au Desemba. Shule nazo hufungwa Desemba, zikafunguliwa Januari. Mahindi yanapohitaji palizi ya kwanza, wanafunzi wako makwao, na mjitoleaji aliyetoka ng'ambo amekwenda kula Krismasi kwao. Likizo ya katikati ya mwaka huangukia kiangazi, mchicha ukiwa unategemea ndoo. Mipira ya umwagiliaji wa matone hupunguza kazi hiyo, lakini haiimalizi. Maji ya bwawa yana tope. Chujio lisipooshwa, vitundu huziba na miche ya mwisho wa tuta hutangulia kunyauka. Kuosha chujio ni kazi ya dakika chache, ila lazima iwe na mwenyewe.

Biogesi ndiyo yenye masharti zaidi. Mtambo hulishwa kila siku kinyesi na maji kwa kiasi kinacholingana, na ng'ombe wawili wa kufungiwa bandani hutosha jiko la kaya moja tu. Shule ya mamia ya watoto itawatoa wapi ng'ombe wa kuivisha makande? Tangu Serikali iagize taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa, swali hili halikwepeki. Pengine mjitoleaji angeanza na jambo lisilopigwa picha: kuloweka mahindi na maharage usiku kucha na kufunika sufuria, ili yaive kwa moto kidogo.

Atakayesema wanafunzi wapangiwe zamu za likizo asome tena Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967. Humo Mwalimu Nyerere alitaka wanafunzi washiriki kuamua mambo ya shamba na waone faida yake katika maisha yao. Shule nyingi zilibakiza jembe zikaacha uamuzi, hata kulima kukawa adhabu ya wachelewaji. Zamu isiyo na fungu la mavuno itarudisha yaleyale.

Kwa hiyo, kabla ya tuta la kwanza, mjitoleaji akae na kamati ya shule wakubaliane nani atabaki: mpishi, mlinzi au jirani mwenye ng'ombe, na atalipwa nini, fedha au madebe ya maharage. Wapo walimu wakuu watakaoona hiyo ni kugawa mali ya shule. Hofu yao ina msingi, maana mapato ya mashamba ya shule yamewahi kuliwa na wakubwa. Hesabu za mavuno na malipo zisomwe kwenye mkutano wa wazazi, na wanafunzi wakiwamo.