Ufunguo wa Chumba cha Kompyuta

Wengi wenu mnanijua kwa video za usiku. Kazi ya mchana, ile inayolipa nyumba, sijawahi kuwaonyesha. Leo hakuna video, someni tu. Mimi ndiye mwenye ufunguo wa chumba cha kompyuta cha shule moja ya sekondari hapa Machakos, na Jumanne msichana wa Gredi 10 aliniuliza kitu ambacho bado kinanisumbua: "Mwalimu, kama kompyuta ziko, mbona mlango huwa umefungwa?"

Kabla sijamjibu, acheni niwaambie siku yangu inaendaje.

Saa moja asubuhi nafungua. Adui wa kwanza ni vumbi. Wakati wa kiangazi vumbi la Machakos linaingia hata dirisha likiwa limefungwa, linajaa kwa feni mpaka mashine inachemka na kujizima. Napangusa, napuliza, halafu nawasha mashine safu kwa safu. Ukiziwasha zote mara moja, swichi kuu inaruka na unaanza upya. Ziko 40. Zinazofanya kazi ni 26. Zile 14 zimepangwa ukutani huko nyuma. Moja ilitoa memori, nyingine ikatoa pawa saplai, ndio hizi zingine ziishi. Na hizo 26 zinatumia Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Januari 14, 2020. Yaani ilistaafu hata kabla korona haijafika Kenya.

Somo la kwanza lina wanafunzi 52, wawili kwa kila mashine. Mmoja anashika mausi, mwingine anashika subira. "Mwalimu, yangu imeganda." "Mwalimu, nimesahau paswadi." "Mwalimu, flashi yangu imekula kazi." Saa nne stima inapotea. Kijana wa kidato cha nne aliyekuwa anaunda databesi anapiga ukemi mmoja tu, na darasa zima linajua hakuwa ameseivu. Mnacheka, lakini somo la kompyuta kwenye KCSE lina karatasi tatu: nadharia, vitendo na mradi. Hiyo databesi ndiyo mradi wake. Ameupoteza wa wiki mbili.

Saa ya lanchi nakula muthokoi nikiwa nimesimama, kwa sababu walimu wamepanga foleni. Huyu anataka kuchapa mtihani, yule anataka kuprinti. Printa ni moja na wino unahesabiwa. Saa kumi jioni nafunga kufuli mbili. Hapo ndipo yule msichana alinipata, akauliza swali lake, akaenda zake. Mimi nikaenda nyumbani kutafuta jibu, na nikajikuta nimerudi nyuma miaka 40.

Kwanza, kama unadhani kompyuta zililetwa shuleni na Jubilee, umechelewa. Miaka ya 1980 tayari Aga Khan Foundation ilikuwa inajaribu kufundisha kwa kompyuta katika shule kadhaa hapa Kenya. Mwaka wa 2002 shirika la Computers for Schools Kenya likaanza kukusanya kompyuta zilizotumika, kuzikarabati na kuzisambaza shuleni. Mwaka wa 2005 ukaja mradi wa NEPAD, na Kenya ikachagua shule 6 za majaribio, zikiwemo Maranda na Wajir Girls. Makampuni makubwa ya nje yakaleta vifaa.

Halafu 2009. Huo mwaka ndio uliobadilisha mambo. Kabla ya hapo intaneti yetu ilipitia setilaiti, polepole na kwa bei ya kuumiza. Juni 2009 Rais Kibaki alizindua kebo ya TEAMS kule Mombasa, na mwezi uliofuata SEACOM ikawashwa. Mwezi huohuo wa Juni, bajeti iliyosomwa na waziri wa fedha wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, iliahidi maabara ya kompyuta ya kutembea kwa kila eneo bunge. Gari la kompyuta! Sisi tuliokuwa watoto wadogo wakati huo tuliliota hilo gari.

Miaka minne baadaye, Uhuru na Ruto wakaomba kura wakiahidi laptopu kwa kila mtoto anayeingia darasa la kwanza. 2013 wakashinda. Tenda ya kwanza ikaishia kwa kesi na kufutwa. Mpango ukageuka kuwa tabuleti, zikaanza kusambazwa 2016 kupitia Chuo Kikuu cha Moi na JKUAT pamoja na washirika wao wa nje. Zaidi ya vifaa milioni moja vilifika katika shule za msingi za umma. Hebu tuwe wakweli, hiyo si kazi ndogo. Shule nyingi zilipata stima kwa sababu ya huo mpango. Lakini pia tulisoma kwenye magazeti kuhusu tabuleti zilizofungiwa stoo kwa kuogopa wezi, na kuhusu walimu waliopewa mafunzo mafupi kisha wakaachiwa mzigo. Kufikia 2019 serikali yenyewe ilikuwa imeanza kusema afadhali maabara moja kwa shule kuliko kifaa kwa kila mtoto.

Sasa angalia hiyo orodha tena. Kila wimbi lina picha yake: waziri, utepe, mkasi, mtoto akitabasamu mbele ya skrini. Nimetafuta picha ya mtu anayepangusa feni miaka minne baadaye. Sijaiona. Tenda ya kununua mashine huwa inasomwa kwa sauti, ina mabilioni ndani. Lakini kompyuta ni kama ng'ombe. Siku ya kumnunua ni sherehe. Kumlisha, kumwogesha na kumtibu ni kila siku, na hakuna anayekuja kupiga picha ya hiyo. Wale wa kukarabati kompyuta kuukuu angalau walijenga kazi yao juu ya ukweli huo, kwamba mashine huharibika na lazima kuwe na fundi. Mipango mikubwa ililiona hilo kama jambo la pembeni.

Sisi watu wa Machakos tungefaa kulijua hili kuliko wengine, maana tunajua vile kitu kikubwa kinaweza kupita karibu na wewe kisikufikie. Huu mji, uliopewa jina la Masaku, ulikuwa kituo cha utawala wa Waingereza huku bara kabla Nairobi haijawa hata mji. John Ainsworth aliongozea mambo hapa kuanzia 1892. Kisha reli ikaja, ikatuacha huku juu vilimani, ikapitia tambarare za Konza na Athi. Ilipofika Nairobi 1899, Ainsworth alifungasha akaifuata. Ofisi zikahama, na ukubwa ukahama nazo. Mlima wa Iveti ulibaki palepale ukiangalia.

Na Konza ni hiyohiyo mnayoisikia leo. Januari 2013 Kibaki alienda kuweka jiwe la msingi la jiji la teknolojia katika ardhi iliyokuwa ya ranchi ya Malili, ekari 5,000, mpakani mwa Machakos na Makueni. Sasa hivi kuna kituo cha data cha taifa hapo. Sina ubaya na Konza. Siku moja nikipata kazi huko mtaniona nikiposti. Lakini huwa nafikiria kwamba kutoka kwa huo mtambo hadi kwa mashine zangu 26 ni safari fupi ya matatu, na bado mtoto anakaa akingoja zamu ya mausi. Mara hii reli haikuenda mbali. Imekosa tu mita 20 za mwisho, zile za kutoka lango la shule hadi kwa kiti.

Na hizo mita 20, jameni, ziko mikononi mwangu. Hapo ndipo historia ilianza kuniuma.

Kwa sababu nilipojiuliza kwa ukweli mbona mlango umefungwa, jibu halikuwa serikali, wala tenda. Ni mimi. Naogopa. Kitu kikipotea humo ndani, naandikiwa barua, na bei inatoka kwa mshahara wangu, ambao ni wa bodi ya shule na si mkubwa. Kwa hivyo nimejifunza kupenda kufuli. Chumba kikiwa kimefungwa hakiharibiki. Ripoti yangu ya mwisho wa muhula inasoma vizuri: mashine 26, zote salama. Wale waliofungia tabuleti stoo nilikuwa nawacheka. Kumbe tofauti yetu ni ndogo tu. Mtu akipewa mashine bila pesa ya kuitengeneza, na adhabu ikiharibika, atafanya nini? Ataificha. Hiyo si roho mbaya, ni hesabu. Ila hesabu hiyo analipa mtoto, na huyu wa Gredi 10 ni wa kizazi cha CBC, kilichoahidiwa kwamba ujuzi wa dijitali ni haki yake.

Kwa hivyo Alhamisi niliingia ofisini kwa mkuu wa shule na ombi moja. Jumatano na Ijumaa, saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu, chumba kiwe wazi. Wanafunzi sita nitawafundisha kupangusa feni, kubadilisha memori, na kuandika kwa daftari nani amekaa wapi. Kitu kikiharibika kwa matumizi ya kawaida, nisikatwe mshahara. Aliniangalia kwa muda mrefu. Akasema tujaribu hadi mwisho wa muhula, na hilo la mshahara atalipeleka kwa bodi. Hajaniambia ndiyo bado.

Ijumaa tulifungua. Walikuja 31. Yule msichana alikuwa wa kwanza mlangoni, na sasa ni mmoja wa wale sita. Alifungua mojawapo ya zile mashine 14 za nyuma, akachomoa memori, akaisugua na kifutio vile nilimwonyesha, akairudisha. Ikawaka. Tuko 27.

Tulipofunga nilihesabu mausi. Moja haikuwepo. Nimenunua nyingine kwa pesa yangu, na Jumatano mlango utafunguliwa tena.

Kama kuna mtu hapa anashika ufunguo wa chumba kama changu, popote ulipo, niambie: wewe unafunga kwa sababu ya wezi, ama kwa sababu ya barua?