Kushona na Kupigilia: Maungio ya Mbao katika Vyombo vya Pwani



Katika Kiswahili cha leo tunashona nguo, viatu na mikoba. Mafundi wa visiwa vya Lamu walishona pia mbao. Mhadhara huu unalinganisha njia mbili za kuunga mbao za vyombo vya baharini, yaani kushona kwa kamba na kupigilia misumari, na unahoji dai lililozoeleka kwamba msumari uliishinda kamba kwa sababu tu ulikuwa bora.

Ushahidi wa ushonaji ni wa kale. Periplus Maris Erythraei, mwongozo wa biashara ya baharini ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 B.K., unaitaja bandari ya Rhapta katika upwa wetu na kueleza kuwa jina hilo lilitokana na vyombo vilivyoshonwa. Mwishoni mwa karne ya 12, Ibn Jubayr alieleza vyombo vya Bahari ya Shamu vilivyoungwa kwa kamba za nazi pasipo msumari.

Mtepe wa Lamu ulikuwa wa ukoo huo. Fundi alipanga mbao ukingo kwa ukingo, akaziunga kwa vijiti, akatoboa matundu kandokando ya kiungo kwa keekee, akapitisha kamba ya makumbi na kuikaza, kisha akayaziba matundu kwa vigingi vidogo. Mataruma nayo yalifungwa kwa kamba.

Kila njia ilikuwa na gharama yake. Kiungo cha kamba hunepa. Chombo kinachopwelewa ufukoni au kugusa mwamba hakipasuki upesi, na matengenezo yake huhitaji mnazi, si mhunzi. Lakini maji hupenya, mabaharia hawana budi kuyateka na kuyamwaga mara kwa mara, na kamba huchakaa. Msumari hufanya kiungo kigumu kinachostahimili shehena nzito, bila kazi ndefu ya kushona. Ila huliwa na kutu, na chuma sharti kinunuliwe.

Matumizi ya misumari yalienea zaidi katika Bahari ya Hindi ya magharibi tangu karne ya 16, baada ya kuja Wareno. Hata hivyo mtepe uliendelea kuundwa hadi karne ya 20, sambamba na majahazi ya misumari. Lau msumari ungekuwa bora kwa kila hali, karne hizo zote za kuishi pamoja zisingeelezeka. Mafundi walichagua kwa kuzingatia fukwe, shehena na fedha walizokuwa nazo.

James Hornell alipochapisha makala yake kuhusu mtepe mwaka 1941, ufundi huo ulikuwa umekwisha kufifia. Kwetu sisi wanaisimu hasara ni mara mbili. Neno msumari, lenye asili ya Kiarabu, limebaki. Msamiati wa kushona mbao umeondoka pamoja na mikono iliyoujua. Kamusi humweleza msomaji mtepe ni chombo gani, lakini hazimpi majina ya hatua za kuushona.

Majahazi yangali yanaundwa Matondoni na Nungwi. Mwanafunzi aketi na fundi leo, aandike kila kitenzi anachokitamka akiwa kazini, ili kesho tusiulizie misumari kama tunavyoulizia kamba.